Redio ya Mwalimu Menapi

"Kimya!" Ezron Menapi aliinua mkono, akachomeka waya wa redio sikioni, akafumba macho.

Walimu wa shule ya msingi ya Tavuko wakanyamaza barazani kwake. Ndivyo ilivyokuwa kila Jumatano jioni, saa ambayo redio ya Honiara, mji mkuu, ilisoma habari za walimu: nani kapanda cheo, nani kahamishwa, aende shule gani. Redio ilikuwa mali ya shule, ya pekee kisiwani, lakini mwalimu mkuu hakukubali mtu mwingine aiguse. Eti habari za wakuu si za masikio ya kila mtu. Majivuno ya mtu yule, jamani!

Alitikisa kichwa. Akaguna. Akaandika neno, akalikata.

"Haya," alisema hatimaye, akichomoa waya. "Wizara inasisitiza kilimo. Kesho walimu wote shambani."

Shamba lenyewe lilikuwa lake, la magimbi. Wizara ililipenda shamba lile ajabu. Wiki iliyopita ilitaka lipaliliwe, na kabla ya hapo ilitaka liwekewe ua.

"Na mimi, baba?" aliuliza Nesta Maelalo, mwalimu wa darasa la sita. Mama yake alikuwa hoi kitandani huko Auki, naye alikuwa ameomba uhamisho tangu Krismasi akamuuguze.

"Hujatajwa, binti yangu. Unadhani Honiara wanakaa wanakuwaza wewe tu?" Menapi alitema mate mekundu ya tambuu, akacheka. "Mimi mwenyewe nangoja cheo cha ukaguzi mpaka mvi zimenijaa. Umewahi kuniona nalialia?"

Njiani kurudi walimu walimsema mwalimu mkuu. Nesta akiondoka, nani angefundisha darasa la sita? Mzee mwenyewe? Thubutu! Chaki alikuwa ameshaisahau.

"Analisikia jina lako huyo, halafu analimeza," mmoja alimwambia Nesta. Nesta alikuwa analia.

Jumamosi meli ikatia nanga. Mwanamume mnene alishuka na godoro begani, akapanda moja kwa moja hadi kwenye baraza la Menapi, walimu wakimfuata.

"Naitwa Dudley Rinau. Nimekuja kushika darasa la Nesta Maelalo," alisema. Nesta alipojitaja, mgeni akashangaa. "Bado uko hapa, dada? Jina lako limesomwa redioni kila wiki tangu Pasaka! Auki wanakungoja."

Nesta alimgeukia mwalimu mkuu. "Mama yangu anateseka peke yake, na wewe ulisikia ukanyamaza? Una roho gani wewe?"

"Mchawi mkubwa!" mwalimu mwingine akapaza sauti. "Kisa magimbi yako!"

"Na wewe, mzee, pole sana," Dudley aliendelea, akitua godoro. "Pasaka hiyohiyo ulitajwa wewe wa kwanza kabisa. Mkaguzi mkuu wa shule, Honiara. Wametangaza wee, hukutokea. Mwezi uliopita wakampa mtu mwingine."

Menapi alikaa chini pale pale sakafuni, amekodoa macho.

Nesta aliinyakua redio mezani, akaifungua mfuniko wa nyuma. Ndani hamkuwa na betri hata moja. Mlikuwa na kiota cha nyigu, kikavu, cha miaka.