Kiti cha Mzee wa Baraza

Siku hizi mahakamani viti vya wazee wa baraza hutembea vyenyewe. Aliyekikalia akimwamini msemaji, kiti humsogelea. Asipomwamini, hurudi nyuma. Mwanahawa alipomaliza zamu yake, alizawadiwa chake akaenda nacho nyumbani.

Jioni mumewe, Kitwana, aliusifu mchuzi. Kiti kikasogea. Akasema alicheleweshwa na foleni. Kiti kikarudi mpaka kikagonga kabati.

"Haya basi, nilikuwa nacheza bao!"

Mwanahawa akacheka hadi machozi, huku kiti kikimrudisha mezani.

"Sasa sikia, mke wangu," Kitwana akasema kwa madaha. "Tangu nikuoe, mwanamke mwingine..."

Mwanahawa akainuka upesi.

"Ngoja nikuongezee wali, baba," akasema akitabasamu, kisha akamalizia chakula chake amesimama.