Mnyama wa Mwambani

Jogoo hajawika mara ya pili, Apolinary alikuwa amepiga magoti mbele ya chungu, mrija wa kunywea lubisi, pombe ya ndizi, mdomoni, akimpulizia mnyama mfu maji ya chumvi tumboni.

Mnyama mwenyewe kifuko tu, ngozi ngumu iliyonata kwenye jiwe. Mwanawe Byabato, askari, alimbandua na jiwe lake mwambani kule Tanga, akamtia kwenye galoni ya maji ya bahari, akaja naye likizo mpaka Rugu.

"Mama, hebu mbonye."

Kokwijuka akabonya. Maji yakamruka usoni, akacheka hadi akakaa chini.

"Akirusha, ujue mimi mzima."

Vita ikaanza, Byabato akaenda. Kila asubuhi mama alibonya kwanza, ndipo akaosha uso. Mnyama alikufa wiki ya pili. Apolinary akawa anamjaza kwa siri, mkewe asipate wasiwasi.

Februari akaja Melkiory, wa kikosi kimoja na Byabato. Alimwita mzee kando, kwenye kahawa iliyoanikwa. "Tumemzika ng'ambo ya mto." Akaomba maji ya kunywa jikoni, akaaga.

Kwao msiba ukiingia, jembe halishikwi siku nne. Apolinary alilishika mchana uleule, mkewe asihisi, akalia peke yake migombani. Heri Kokwijuka naye alilalamika mgongo. Siku nne hakukanyaga shamba.

Mwanamke huyu alikwisha kuzika watoto watatu. Huyu wa nne, mama angemfuata kaburini.

Basi akajaza, alfajiri hata alfajiri. Siku nyingine alimkuta bado ametuna, akaishukuru chumvi.

Aprili alikwenda Bweranyange kumzika shemeji yake. Mvua ikafunga njia siku mbili. Akapapasa mfuko wa koti: mrija kauchukua! Akauona mkono wa mkewe ukibonya, ukibonya, na tone halitoki. Hakungoja mvua ikatike. Alianguka mara mbili, akainuka, akakimbia na uzee wake.

Kokwijuka alikuwa barazani anamenya ndizi.

"Baba Byabato! Umetoka kuzika, au kulima kwa makalio?"

"Mnyama," alisema akihema. "Umembonya?"

"Jana na leo. Leo kanirushia mpaka jichoni. Mwanao mzima." Hakuinua uso kwenye ndizi.

Apolinary akaingia ndani. Kifuko kilikuwa kimetuna. Kando ya chungu ulilala mrija mwingine, mwembamba, ungali unachuruzika maji, ncha yake imesagika kwa meno ya miezi mingi.