Picha ya Bibi Tadea

Bibi Tadea aligoma kusubiri siku yake ya kuzaliwa. Cheti cha ubatizo kilisema miaka themanini itatimia mwezi wa kumi, lakini yeye alitaka keki na mpiga picha mwezi huu wa sita, ukungu ukiwa bado umelala juu ya mibuni.

"Mama, mwezi wa kumi si mbali," alisema Joakim, mwanawe wa kwanza, aliyepanda kutoka Liuli na ndoo ya usipa mkavu, dagaa wa ziwani. "Kahawa itakuwa imeuzwa, tufanye sherehe ya kueleweka."

"Mwezi wa kumi ni wako huo. Mimi nataka sasa."

Joakim hakubisha tena. Alijua, kama walivyojua watu wote wa kijiji cha Ukata, kwamba mama yake anajiandaa. Walipomzika baba yao, msalaba ulitangulia, na nyuma yake ikabebwa picha iliyokuzwa kutoka kitambulisho cha mpiga kura, uso umefifia hadi wajukuu wakauliza huyu ni nani. Aliyesoma wasifu naye akataja parokia isiyo ya marehemu. Palepale makaburini Bibi Tadea aliapa: nyumbani kwake hatatoka mtu mwingine kwa aibu kama ile.

Ndiyo maana, watu walisema, hata binti yake, Albina, alifunga duka lake la ushonaji Mbinga mjini akarudi kukaa na mama. Kila mwezi wawili hao walionekana barabarani wakisubiri gari la kwenda hospitali, na majirani wakamwonea bibi huruma. Binti kama yule ni baraka, walisema. Wa kwetu wangetuma salamu kwa simu.

Asubuhi ya sherehe Joakim alimkuta mama yake uani akipasua kuni.

"Mgonjwa gani anashika shoka? Albina yuko wapi?"

"Amelala, mwache. Na mgonjwa ni nani? Mimi?"

"Aa, mama, nisamehe."

"Basi shika wewe shoka, ulivyo na huruma."

Albina alipoamka alikaa mlangoni na karatasi, kwa sababu mama alitaka na historia yake iandikwe mapema, isije ikabuniwa na watu.

"Kipaimara ulipata mwaka gani, mama?"

"Andika kwanza watoto. Joakim, halafu wewe. Wewe jiandike vizuri. Ulizaliwa wapi, ulibatizwa na padri gani, cherehani ulijifunzia kwa nani."

"Mama! Hii ni historia yako, si yangu."

"Mwanamke historia yake ni watoto. Andika. Na wimbo wa kanisani unaoupenda."

"Ninaoupenda mimi au wewe?"

"Zote mbili. Anza na wako."

Joakim alicheka hadi akaweka shoka chini. "Mwandikie tu, mdogo wangu. Leo siku yake."

Albina akatii. Aliandika mpaka mkono ukachoka, akapumzika, akaandika tena.

Mchana Hamphrey, mpiga picha, alifika na pikipiki kutoka mjini, kamera ameifungia ndani ya koti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Anza kazi."

Hamphrey alitazama juu. "Kwa ukungu huu, bibi, nyuso zitatoka kama zimepakwa majivu. Nirudi wiki ijayo?"

"Leo."

Bibi alikuwa na rozari yake tangu alfajiri. Zamani alimwomba Mungu mambo makubwa, akasali novena juu ya novena. Siku hizi aliomba mwanga tu.

Baada ya chakula jua likatokea, jembamba, kama la kuazima. Hamphrey akampiga picha bibi akikata keki. Akampiga na wajukuu, akampiga na kina mama wa jumuiya wakipiga vigelegele. Kisha bibi akaburuta benchi mwenyewe mpaka ukutani, akamwita Albina wakae wote wawili.

"Mimi leo si wa picha, mama."

"Ni siku yangu. Unanikatalia?"

Bibi akamletea gauni la bluu ambalo Albina alijishonea Pasaka. Lilimpwaya. Mama akasimama nyuma yake, akakusanya kitambaa, akabana pini moja baada ya nyingine hadi kwa mbele gauni likakaa sawasawa.

"Fundi wa Mbinga nzima, mwenyewe anajishonea gunia!" Joakim alitania.

"Wewe hujui? Fundi hajipimi," Albina akajibu, akacheka, na Hamphrey akabonyeza hapohapo.

Wageni walipoanza kuaga, Albina aliingia ndani kujinyoosha. Hamphrey akakaa karibu na bibi, akawa anampitishia picha moja moja kwenye kamera.

"Ipi nikukuzie, bibi? Ile ya kuweka kwenye fremu."

"Hiyo ya keki," Joakim alidakia. "Mama, umetoka kama malkia!" Kisha akakumbuka fremu ile ni ya kazi gani, na machozi yakamlenga.

Bibi akaipita ya keki. Akaipita ya wajukuu. Akasimama kwenye ile ya benchi.

"Hapo mko wawili," Hamphrey alisema.

"Mimi nikate. Mbakize Albina peke yake." Bibi Tadea aliutazama mlango, akashusha sauti. "Chini yake andika jina. Kuzaliwa, elfu moja mia tisa sabini na tisa. Kufa, paache wazi."