Mashine Nzito ya Mama Shamimu

"Zima hiyo nayo," alisema mama aliyekaa kitini, akimenya karanga.

Vedasto, aliyekuwa ameinamia kompyuta ya duka, hakungoja kuambiwa mara mbili. Ujumbe wa Mama Shamimu ulikuwa wazi: aje saa saba mchana, aifanye kompyuta ya duka iwe nyepesi, na kazi ni yake. Akishindwa, arudi Ulyankulu kwa mjomba kufunga tumbaku. Na tumbaku ilimpigisha chafya hata akiiota.

Kompyuta ilitumia mfumo wa Linux, na kweli ilikuwa mgonjwa. Kila ikiwashwa, huduma thelathini na moja, yaani programu za chinichini, ziliamka kimyakimya na kuanza kula kumbukumbu, nyingine hata hazijulikani zilikuja kwa ajili ya nani. Nywila ilikuwa imebandikwa kwenye skrini kwa selotepu, kwa hiyo hapo Vedasto hakumsumbua mtu. Lakini fundi mwenye adabu hazimi kitu cha watu bila kuuliza.

"Mama, hii ni huduma ya kuunganisha simu na kompyuta. Mnaitumia?"

"Simu yangu ya tochi, mwanangu."

Akaizima, kisha akaizuia isiamke tena hata kesho.

"Na hii inamruhusu mtu aliye mbali aingie kwenye mashine."

"Aingie humu nisimwone? Hakuna mtu wa hivyo."

Ikazimwa.

"Hii ya kuchapisha je?"

Mama akatafuna, akafikiri. "Tangu nikae hapa sijaona karatasi hata moja ikitoka."

Vedasto akaimaliza nayo. Nyuma ya mlango wa ndani, ngurumo fulani ikakatika ghafla.

"Afadhali," mama akashusha pumzi. "Ilikuwa inaniumiza kichwa."

Ilipofika saa saba na nusu zilibaki huduma tisa. Vedasto akaiwasha upya mashine. Iliamka kwa sekunde kumi na mbili! Alifurahi nusura acheze. Mama akamjazia karanga kiganjani.

"Mkono wako mwepesi, mwanangu. Atakayekuajiri wewe amepata mtu."

Vedasto akacheka. Mwajiri kujisifia mwenyewe: akauona utani huo kuwa mzuri sana.

Mlango wa mbele ukasukumwa. Mwanamke mwenye ushungi wa kijani akaingia mbiombio, msala kwapani.

"Ahsante kwa kunishikia duka, Bi Zuena! Msikiti ulijaa, nimechelewa kutoka. Zile kadi mia tatu za harusi zimeshamaliza kujichapa huko ndani? Bwana harusi yuko njiani kuzifuata." Ndipo akamwona Vedasto. "Karibu, kaka. Nikusaidie nini? Maana hapa namsubiri fundi tu."

"Shikamoo, mama," alisema Vedasto, begi likiwa tayari mgongoni. "Naulizia tu, stendi ya mabasi iko upande gani?"