Nukta Isiyopiga Simu

"Gauni lako liko tayari, njoo Jumamosi ulijaribu," alisema dada yake, huku cherehani zikiunguruma nyuma yake. "Na ule, mdogo wangu. Umekuwa kijiti."

"Nitakuja, dada," alijibu mwanafizikia, akakata. Askari wa mlangoni alikuwa keshamnyooshea kikapu kitupu. Akaitumbukiza simu yake humo, akaingia.

Mkuu wa usalama hakumkaribisha kiti. "Wiki mbili nimekupa orodha ya simu za mji mzima. Namtaka anayepanga haya maandamano. Mtu mmoja tu. Nikimkosa, saa sita nauzoa mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo."

Mwanafizikia akawasha kompyuta. Nukta elfu tisa zikatapakaa kwenye skrini, kila nukta nambari ya simu, bila jina. Miaka kumi amefundisha jambo hilohilo: mtandao una umbo lililojificha, na walio karibu ndani yake wana lao, hata kama hujawahi kuwaona pamoja. Alilipenda umbo hilo kuliko usingizi. Leo alitamani lisionekane.

Katikati palikuwa na nukta moja. Ilipiga simu chache mno, na bado mji mzima umeizunguka. Mtu wa namna hiyo hana haja ya kupiga. Watu humfuata wenyewe, wakapimwa nguo, wakakaa, wakazungumza. Na nambari yenyewe alikuwa nayo kichwani tangu shuleni, tangu enzi za kuomba nauli na madaftari kwa dada aliyemlea.

Jamani! Kati ya watu wote wa mji huu!

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasorobo. Akafuta hapa, akasogeza pale, kisha akaandika nambari moja kwenye karatasi.

"Ndiye huyu?" aliuliza Mkuu.

"Ndiye."

"Unamjua?"

"Vizuri sana. Nimeishi naye maisha yangu yote."

Mkuu akacheka mpaka mabega yakamtikisika. "Wasomi, bwana! Hata ndugu mnauza!"

"Na mtaa utauacha?"

"Nikishampata huyu, mtaa wa nini?"

Akachukua karatasi, akaibonyeza nambari ile tarakimu moja moja, akaweka simu sikioni.

Kwenye kikapu pale mlangoni, simu ikaanza kuita.