Seli za Kiume

"Futa matokeo hayo," Profesa alisema hata kabla ya kuketi. "Futa sasa hivi, kabla ya mkutano."

"Sifuti."

Wenzao waliacha kazi wakageuka kutazama. Ikabaki mashine tu ikinguruma, ikipitisha seli za damu mojamoja mbele ya mwanga wa leza na kuzitenga kwa rangi zilizotiwa. Mtafiti aliyejibu hivyo wenzake walimwita Msumari, na hawakumwonea. Akishaingia mahali, kumng'oa ni kazi.

Ugomvi ulianzia kwenye mrija namba saba. Ili kulinganisha seli za kinga za wagonjwa na za watu wenye afya, wanawake wa maabara ile walijitolea damu wao wenyewe, na kila mrija ukapewa namba. Profesa peke yake ndiye aliyejua namba ipi ni ya nani. Sasa Msumari, alipozitazama kwa darubini seli za namba saba, zile zinazowinda virusi, alikuta baadhi yake ni za kiume, zenye kromosomu Y ambayo mwanamke hana.

"Umeuchafua mrija," Profesa alisema. "Damu ya mwanaume imeingia humo. Kosa la mtoto wa shule!"

"Niliomba damu nyingine ya namba hiyohiyo, nikaanza upya. Zimo."

"Basi mashine ina kasoro."

"Mashine ni nzima, Profesa, hata ukiikasirikia. Mama akiwa mjamzito, seli za mtoto huvuka zikaingia kwenye damu yake. Nyingine hubaki humo miaka na miaka. Huyu alibeba mtoto wa kiume."

"Mwenye damu hii hana mtoto!" Profesa, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alikuwa anafoka. "Namjua vizuri!"

"Sikusema anaye. Nimesema alimbeba."

"Funga vitu vyako. Huna kazi tena hapa."

Msumari aliogopa, tena sana. Utafiti ule ndio uliokuwa unampa shahada yake, na hakuwa na pengine pa kwenda. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Alivua glavu, akaigeuza skrini imwelekee bosi wake.

"Naondoka. Ila mimi sitamfuta mtu eti kwa sababu anatuharibia jedwali. Ukitaka afutwe, mfute mwenyewe, huku unamwangalia."

Wenzao walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli nje, wakatoka. Profesa aliketi mbele ya skrini. Aliziangalia zile seli, na kitufe cha kufuta hakukigusa.

"Ni wa kiume kweli?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Una uhakika?"

"Asilimia mia."

"Hakulia hata mara moja. Wauguzi walimfunika haraka wakamtoa chumbani," Profesa alisema. "Niliwasihi. Hakuna hata mmoja aliyekubali kuniambia kama nimezaa mvulana au msichana."