Mfuniko wa Rejeta

"Rangi gani?" fundi aliuliza.

Bwana mwenye gari aliinama juu ya kichupa cha plastiki kando ya injini. Mvuke ulikuwa bado unafuka. "Si unaona mwenyewe? Kama chai ya maziwa."

"Nataka uniambie wewe. Mteja wangu lazima ajue gari yake inaumwa nini."

Jumapili ile gereji haikuwa na mtu mwingine. Fundi, kama wengi wanaojijua kuwa mabingwa, alikuwa na vituko vyake: miwani yake myeusi ya kuchomelea hakuivua hata alipokuwa hachomelei kitu. Alichovya ncha ya kidole kwenye kile kichupa, akasugua, akanusa.

"Gasketi ya kichwa cha injini imeungua. Mafuta yameingia kwenye maji, ndiyo maana inachemsha."

"Itanifikisha uwanja wa ndege? Binti yangu anatua saa sita. Miaka saba sijamtia machoni!"

"Tukibadilisha maji, ukaenda polepole, itakufikisha. Ila usiguse mfuniko wa rejeta mpaka nikuruhusu. Yale maji yanaruka. Tusubiri nusu saa."

Bwana aliketi juu ya tairi kuukuu. Roho ilikuwa juu, na mtu wa aina yake roho ikiwa juu mdomo haufungi. Alieleza habari za binti, shahada ya binti, barua za binti. Kisha akacheka peke yake.

"Umenikumbusha mbali, fundi. Ujanani niliazima pikapu, ikanichemkia karibu na kiwanda cha sabuni. Nawahi harusi ya rafiki yangu! Akaja fundi mmoja kijana, akaniuliza, imepoa? Wala haikumaliza dakika tano. Nikamwambia, fungua tu, imepoa." Alijipiga paja. "Lo! Yowe alilopiga! Yalimruka yote usoni."

Fundi alikuwa akifuta vidole kwa kitambaa. Aliendelea kuvifuta, kimoja kimoja.

"Ukamfanyaje?"

"Ningemfanyaje? Harusi inaanza. Nikajaza maji, nikaenda zangu."

"Hukurudi kumjulia hali?"

"Aa, fundi nawe! Si nyinyi mna ngozi ngumu?"

Fundi naye akacheka. Alicheka vizuri kabisa, hata bwana akajiona yuko na rafiki wa siku nyingi. Kisha fundi akalisogelea gari, akaubandika mkono wa kushoto juu ya mfuniko wa rejeta, akautuliza hapo huku akiuliza binti amefanana na nani.

"Mimi mtupu," bwana alijibu, moyo umemjaa furaha. "Macho yangu haya haya."

Fundi aliuondoa mkono taratibu, akautia mfukoni.

"Njoo basi. Hatuna haja ya kungoja nusu saa. Chungulia uniambie mafuta ni mengi kiasi gani." Akampa kile kitambaa. "Shikia hiki, usijichafue. Unakwenda kupokea mgeni."

Bwana alishukuru. Alikunja mikono ya shati, akauzungushia mfuniko kitambaa, kisha akasita kidogo.

"Una hakika, fundi?"

"Si umeona nimeushika? Sogeza uso karibu, humo ndani kuna giza."

Bwana akasogeza uso.

"Fungua tu, bosi," fundi alisema. "Imepoa."

Yowe lilipokuwa bado limejaa gereji nzima, fundi alipapasa chini ya benchi kwa mkono usio na malengelenge, akaipata fimbo yake nyeupe. Aligongagonga nayo sakafu mpaka mlangoni, akaenda zake.